Mwisho wa Rili ya Tano

Kwa kaka yangu Jemadari,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono yote miwili, wewe na wifi yangu na hao watoto ninaowajua kwa picha tu. Natumaini mko wazima, na kile kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikianza kimekupa likizo mwaka huu. Mimi sijambo. Mgongo hunikumbusha umri kila nikiinuka kwenye benchi la kazi, lakini nala vizuri na usingizi ninao. Baba naye hajambo kwa kiasi chake, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako kuandika.

Utajiuliza kwa nini nisipige simu. Kaka, kwenye simu nikimtaja Baba tu, mtandao wako huharibika. Mwaka wa tisa huu, na unaharibika pale pale. Barua huwezi kuikata. Kuichana utaweza, lakini nakujua, karatasi iliyoandikwa, wewe huichani hata iwe imefungiwa vitumbua. Kwa hiyo kaa, mwambie wifi akumiminie chai, unisome mpaka chini. Nina neno la kukuungamia, na kwa kuwa si mwepesi wa kuungama, niache nilifikie kwa miguu yangu mwenyewe.

Nianze na macho ya Baba. Mwezi uliopita daktari wa macho aliniita pembeni akaniambia la kushoto limeshakwenda, na la kulia lina mwaka mmoja, likijitahidi sana miwili. Alimwuliza Baba amefanya kazi gani maishani. Baba akajibu kwamba alikuwa akionyesha filamu, miaka thelathini na mmoja, na ile taa kali pembeni ya uso. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Baba akamwambia asisikitike, kwa kuwa hayo macho yalichakaa watu wakifurahi. Unamjua mzee wako, anasema mara moja kwa siku, na hiyo mara moja inatosha.

Jumba letu la sinema sasa ni duka la magodoro. Kile kidirisha cha chumba cha mashine, tulichokuwa tukigombania kuchungulia, wamekiziba kwa matofali. Baba hupita pale kila asubuhi akienda kununua gazeti, ambalo siku hizi namsomea mimi, na hasimami wala hageuzi shingo. Mara moja tu aliniambia kwamba magodoro yamepangwa pale pale palipokuwa na viti vya bei rahisi, kwa hiyo watu wataendelea kusinzia mahali pao pa zamani.

Mimi bado niko kwenye karakana ya kujalidi vitabu. Mkutubi wa maktaba kuu ndiye mteja wangu wa kudumu, huniletea vitabu vilivyovunjika migongo nami navirudishia majalada. Siku moja alipokuja kuchukua mzigo wake, akaniambia maktaba imepokea filamu za kale zilizosafishwa upya, na kwamba watazionyesha Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa juu. Nikamwuliza wanaanza na ipi. Akanitajia ile yetu, Filamu ya Mfalme. Kaka, nilishika brashi mpaka gundi ikanikaukia mkononi. Yeye alidhani ni furaha, na sehemu ilikuwa furaha kweli.

Nilipomwambia Baba, alisema filamu hiyo ameiona mara mia nne. Nikamjibu kwamba hajaiona hata mara moja, ameilinda tu. Akacheka, kisha akaniagiza nimtolee lile shati lake lenye kola ngumu.

Tulifika mapema tukakaa safu ya mbele, kwa ajili ya macho yake. Jambo la kwanza alilolifanya ni kugeuka nyuma kutafuta mashine. Hakuna mashine. Mkutubi alibonyeza kitufe, akaja kukaa na sisi akiwa amekunja mikono. Baba akamwuliza basi nani anaangalia nukta. Yule bwana hakuelewa, ikabidi nimweleze mimi kwamba zamani filamu moja ilikuwa ya rili nyingi, yale magurudumu ya mkanda, na rili ikikaribia kwisha nukta ndogo hutokea kwenye pembe ya picha, ya kwanza kumwambia fundi awashe mashine ya pili, ya pili kumwambia abadilishe. Mkutubi akamwambia Baba kwamba siku hizi nukta hazipo, picha inakwenda yenyewe mpaka mwisho. Baba akakaa kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi.

Na filamu, Kaka, bado ni kiboko. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi kwamba labda tuliipenda kwa ujana tu, kwamba nitaona ndevu za kubandika na ngome za mbao. Ndevu ni za kubandika kweli, lakini zinasahaulika kabla mtu hajamaliza sentensi ya pili. Yule aliyeigiza Mfalme hapazi sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Kila jambo likizidi uzito, yeye huishusha, na ukumbi mzima ukainama mbele kumsikiliza. Kuna pale anapoletewa habari kwamba jeshi la kaskazini limekwisha. Haangalii kitu, mkono wake tu unatafuta kikombe mezani, unakipata, unakiinua, unakirudisha bila kunywa. Waigizaji wa leo wangekirusha ukutani. Na pale mjumbe wa adui anapoingia na kutangaza kwamba amekuja na askari elfu arobaini, naye Mfalme anamwambia kwa upole kwamba alialika mtu mmoja tu, hao wengine watakula nini. Watu walicheka maktaba nzima. Nikakukumbuka wewe ukileta rafiki zako nyumbani bila taarifa, na Mama akikupokea mlangoni kwa maneno hayo hayo.

Ile filamu ilitulea. Uliporudi likizo ya chuo uliiona mara sita kwa wiki moja, ukaanza kutembea kama mtoto wa Mfalme, yule jemadari wa filamu, mabega nyuma, hata ukitumwa maji. Baba ndiye aliyekubandika jina la Jemadari, likakuganda, mpaka fundi viatu akalijua. Mimi nikabaki Gundi, kwa kuwa kazi yangu mle chumbani ilikuwa kuunganisha mikanda iliyokatika. Tangu hapo Baba hakutuita kwa majina mengine. Sisi tulidhani ni utani wa nyumbani.

Sasa nikukumbushe lile usilopenda kukumbushwa. Siku tuliyomzika Mama, watu wamejaa uani, wewe ulimwendea Baba umevimba macho, na yeye akakuambia, Jemadari, angalia viti vya wageni. Ukaenda ukaangalia viti. Miezi miwili baadaye ulisimama mlangoni na begi, ukamwambia maneno ya filamu, yale ya Jemadari anapokuja kumuaga baba yake kabla ya vita. Hukubadilisha hata moja, ukasema: Umeniita jemadari, umeniita ngao yako, umeniita upanga wa nchi. Nitajie siku moja uliyoniita mwanangu. Baba alikutazama, kisha akageukia dirisha. Hakutamka kitu. Nawe ukaondoka.

Alifanya kama alivyofanya Mfalme katika filamu tuliyoijua sisi. Jemadari anauliza, Mfalme anamtazama, picha inabadilika, na kinachofuata ni jeneza la Jemadari likipandishwa ngazi za ngome. Mji mzima ulikisifu kile kimya. Yule mwalimu wa historia aliyekuwa akija kila onyesho alisema hajaona uigizaji uliopita ule, mtu kujibu kwa kutojibu. Na Baba, ambaye hata kabla ya hapo hakuwa msemaji, alipenda kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nafikiri alijiona kidogo mle ndani.

Basi Jumamosi ile tukafika pale. Jemadari amesimama akijifunga mkanda wa upanga, kifungo hakiingii. Anasema yake. Mfalme anamtazama. Mimi nikashika kiti, maana nilijua kinachokuja. Picha haikubadilika, Kaka. Mfalme akainuka, akashuka zile ngazi tatu taratibu, akamnyang'anya kile kifungo, akaanza kumfunga mkanda mwenyewe, kama mtoto anayepelekwa shule. Huku ameinamia kifungo, bila kumtazama usoni, akasema: Sikukuita kwa sababu niliogopa utaitika. Jemadari naweza kumtuma akafe. Mwanangu nitamtumaje?

Nimejaribu kukueleza jinsi alivyoyasema na nimefuta mara tatu. Hakulia. Alivuta mkanda ukakaza, akaupigapiga kidogo kwa kiganja kuona kama umekaa sawa, akarudi kitini. Ni sekunde arobaini tu. Mkutubi pembeni yetu alikuwa akijifuta miwani.

Baba alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake bado vina nguvu za kufungulia makopo ya filamu. Hakuniachia mpaka taa zilipowashwa.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na bomba la maji ya kunywa, watu wakipita. Akasema, kumbe alijibu. Akalirudia hilo mara tatu, polepole, kila mara akilisikiliza upya. Kisha Baba yako, mtu wa mara moja kwa siku, akaongea karibu nusu saa. Aliniambia kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuuona mwisho wa rili hata moja, ya filamu yoyote. Rili ikikaribia kwisha jicho lake lilikuwa kwenye pembe ya juu ya picha, likisubiri nukta, na mkono uko kwenye mashine ya pili, ambayo ikiwaka inanguruma huwezi kumsikia mtu hata akikuita kwa tarumbeta. Filamu ilipokuja, nzima, aliijaribu Jumapili peke yake, na hata siku hiyo alikuwa kwenye nukta. Alimwona Mfalme akianza kuinuka, akadhani anainuka kwenda zake.

Akasema pia kuhusu siku ile ya mlangoni. Hili nakuandikia kama alivyolisema, na alilisema akitazama lile bomba. Alisema alidhani anakupa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Wewe ulianza maneno ya filamu, naye akajua kabisa zamu yake inataka nini, akakupa kimya cha Mfalme. Aliamini utakitambua, maana hakuna aliyeijua filamu ile kukuzidi. Alisimama dirishani akisubiri ugeuke getini. Hukugeuka, akaona ni sawa, kwa kuwa Jemadari naye hageuki. Akasubiri urudi. Baada ya mwaka wa pili ndipo alipoanza kuhisi kwamba pengine kuna mahali alipokosea, lakini hakujua ni wapi, na hakuwa na wa kumwuliza.

Alikuwa na wa kumwuliza, Kaka. Alikuwa anaishi naye nyumba moja. Na hapa ndipo miguu yangu iliponifikisha.

Ile filamu haikuja na kimya. Ilikuja na jibu, na jibu nimelikata mimi. Siku mbili baada ya sanduku kufika, Jumatatu asubuhi, Baba alikwenda kumpeleka Mama hospitali kwa lile jino lake. Wewe ulikuwa chuoni. Mimi nina miaka kumi na tisa, nina funguo za chumba cha mashine, na nimesikia kwamba rili ya tano ndiyo yenye mambo. Nikaipandisha, nikaiwasha, na kwa vile kwenye kidirisha picha ilionekana ndogo, nikafanya kosa ambalo Baba alitukataza kabla hata hajatufundisha kushika mkasi. Niliiacha mashine peke yake. Niliteremka ngazi nikaenda kukaa kiti cha mbele kabisa katika ukumbi mtupu, nipate kumwona Mfalme kwa ukubwa wake.

Nilimwona. Nilimsikia akijibu, kila neno, peke yangu. Sikuweza kuinuka. Wakati huo huo kule juu mpira wa kuzungushia rili ya chini umekatika, na mkanda uliokwisha kupita kwenye taa haukunjwi tena, unamwagika sakafuni na kuingia kwenye gurudumu la mota. Kwenye skrini huoni chochote kibaya. Picha ni nzuri mpaka mwisho. Nilipopanda ngazi nikiwa bado najifuta machozi nilikuta futi sitini za mwisho zimetafunwa, matundu ya pembeni yamechanika, grisi tupu.

Nilikata mahali pa mwisho palipokuwa pazima, pale Mfalme anapotazama. Nikabandika mkia mpya wa mkanda mtupu. Nukta zilikwenda na kipande kilichoharibika, kwa hiyo nikakwaruza nyingine kwa pini. Utakumbuka ulivyokuwa ukizicheka nukta za rili ya tano, ukisema zimekaa kama chawa. Ni zangu hizo. Kipande nilikitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa chini ya kitanda changu kila nyumba tuliyohamia. Niliogopa Baba atafukuzwa, filamu ilikuwa mali ya mwenye jumba. Baadaye hofu ikaisha ikabaki aibu, na watu walivyozidi kukisifu kile kimya ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema kwamba ni mkasi wangu.

Yote hayo ungenisamehe. Ninaloomba msamaha ni lile la mlangoni. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, sufuria mkononi. Ulipoanza yale maneno, jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kutoka nikasema, Baba, Mfalme alijibu. Lakini mngeniuliza nimelijuaje, na mimi kwa wakati ule niliogopa kuonekana mzembe kuliko nilivyoogopa wewe kuondoka, maana nilidhani unaondoka kwa wiki mbili. Nikakoroga sufuria. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe umeuona, ni miaka tisa. Nisamehe, Kaka.

Nilimwambia Baba pale pale kwenye benchi, sikungoja tufike nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba la kukata alilijua tangu juma lile lile. Alizijua nukta zangu, aliujua ubandikaji wangu, siku zote huwa umeinama kidogo kushoto. Alikwishaandika kwenye kile kikaratasi cha hali ya filamu kinachokaa ndani ya kopo la filamu: rili ya tano, mwisho pungufu. Na mwenye jumba alipouliza, alimwambia imekuja hivyo. Hakunisemesha kwa sababu aliona nimeshajiadhibu, nilikuwa silali. Alichokuwa hajui ni kwamba kwenye hizo futi sitini kulikuwa na maneno, na kwamba mimi niliyasikia. Hilo lilimchukua muda. Mwisho akasema kimya chake kimoja kilinihifadhi mimi na kingine kikampoteza mwenzangu, na kwamba yeye alidhani ni kitu kile kile. Akaniomba nimpeleke nyumbani. Hakunikasirikia, na ningependa angenikasirikia.

Filamu itarudiwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa tisa mchana, ukumbi ule ule. Baba mwenyewe alimwendea mkutubi kuomba nafasi, safu ya mbele. Ameomba viti vitatu. Mkutubi alimwuliza cha tatu ni cha nani, akamjibu kwamba ni cha mtu anayekaa mbali. Sitakubembeleza, najua una kazi na safari si fupi. Nakwambia tu kwamba jicho la kulia bado linaona vizuri ukikaa karibu.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha mkanda, kirefu kama kiganja. Ndicho kilichotoka salama kuliko vingine. Kiinue kwenye mwanga wa dirisha, utamwona Mfalme ameinamia kifungo, na mdomo wake umefunguka.

Msalimie wifi sana, na watoto nibusie vichwani, waambie wana shangazi anayejua kubandika kila kitu, hata mdomo wake ulipotakiwa kufunguliwa. Majirani wote wanakuulizia, fundi viatu zaidi ya wote. Nakutakia afya na kifua chepesi.

Ni mimi mdogo wako,
Gundi

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, Baba akaniambia niifungue. Aliomba kikaratasi cha ukubwa wa vile vya ndani ya makopo, na kalamu nene. Aliandika mwenyewe, pua ikikaribia kugusa meza, sikumsaidia hata herufi. Nimekibandika hapa chini, kimeinama kidogo kushoto.

RILI YA TANO.
MWISHO PUNGUFU.
MWANANGU, NILIKUWA NIKITAZAMA NUKTA.